Mbuzi wa Majaribio

Moshi Mjini,
12 Januari 2004

Mzee Wenseslaus,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Marangu haijakugandisha vidole, maana nataka unijibu upesi.

Sitazungusha maneno. Baba amenipa mpaka tarehe moja Juni. Ikifika siku hiyo na zamu za wapagazi hazijaingia kwenye kompyuta, ofisi yetu ya kupandisha wageni anamwachia binamu yangu Rishi. Unamjua Rishi, yule wa Dar aliyepanda mlima mara moja akarudishwa kutoka Mandara, kambi ya kwanza tu, amebebwa. Yeye zamu hazitaki kabisa. Anataka kukodi wapagazi kwa wakala wa mjini, awe anapiga simu tu: "Nileteeni watu ishirini." Watu wetu mia moja na arobaini wa Marangu na Mwika wabaki nyumbani wakitazama migomba.

Nilimwambia Baba kwamba zamu ya Mzee Wenseslaus haijagombanisha mtu kwa miaka ishirini na miwili. Akanijibu, "Kweli, lakini iko kwenye daftari, daftari liko Marangu, na wageni wanaandika barua pepe wanataka jibu leo leo." 

Hapa Moshi mafundi wa programu za kompyuta ninaowajua ni wawili. Mmoja siku hizi anatengeneza printa, wa pili kahamia Arusha. Kwa hiyo nitatafuta fundi kwenye intaneti. Kuna tovuti ambazo ni masoko ya mafundi: unaandika kazi yako, watu wa nchi yoyote wanaiomba, wanaifanya wakiwa makwao, wala hamwonani. Nimepata tatu na sijui nishike ipi. Wewe umechagua watu wa kazi maisha yako yote. Nisaidie, Mzee.

Ni mimi binti yako,
Heena Navin

---

Marangu,
18 Januari 2004

Binti Heena,

Marahaba, marahaba. Vidole vizima. Barua yako imeletwa na dereva wa gari la maziwa, imefika ikinuka maziwa, lakini imesomwa yote mara mbili.

Kwa hiyo Rishi anataka kuninyang'anya mlima! Mwambie aumalize kwanza.

Hayo masoko yako nimeyasikia. Sasa niambie: fundi akiharibu kazi, unamkamata wapi? Pesa inakaa kwa nani wakati kazi inaendelea? Na je, mnaongea kwanza, au mnaoana ndipo mnaulizana majina? Hayo nijibu kabla hujatoa hata senti.

Halafu sikiliza. Mimi nikitaka mpagazi mpya simuulizi cheti. Nampa mzigo mdogo aupeleke kanisani kwa Padri, nami nakaa pembeni namtazama anavyoufunga. Fanya hivyo hivyo. Kila soko chagua fundi mmoja, wote wape mzigo mdogo uleule.

Mzigo wenyewe ninao. Usiwape zamu, wataona namba tu. Wape mbuzi. Nimesema mbuzi, na wewe acha kucheka. Waambie watengeneze programu ya kugawa mbuzi aliyechinjwa kwenye ukoo wetu, kila mtu apate fungu lake la haki. Anayeweza kugawa mbuzi bila kuleta ugomvi, zamu haitamshinda.

Msalimie baba yako, na bibi yako Dhanbai zaidi.

Wenseslaus

---

Moshi Mjini,
2 Februari 2004

Mzee,

Shikamoo. Nimecheka, nisamehe. Kisha nikashika kichwa. Umesahau kwamba sisi nyumbani hatuli nyama? Mimi hata yai sijawahi kulivunja. Leo unataka niwaeleze watu wa Ulaya na Asia mbuzi anavyokatwa!

Maswali yako nimeyafanyia kazi. Tovuti ya kwanza ni mnada wa kinyume: unatangaza kazi, mafundi wanashushiana bei mpaka anabaki mmoja. Ni haraka na ni rahisi, Rishi anaipenda sana. Ila kazi ikiharibika, shauri lako. Ya pili inajivunia mitihani. Kila fundi ana alama na nyota zake, unachagua kwa alama, lakini kuongea naye kabla ya kulipa hawaruhusu. Ya tatu ni ghali kuliko zote. Pesa unaiweka kwa wenye tovuti, wao wanaishikilia mpaka useme kazi umeikubali. Mkikorofishana, wao ndio wanaowasikiliza. Na mnaruhusiwa kuongea hata wiki nzima kabla ya kukubaliana.

Sasa huyu mbuzi. Nilimuuliza Mary, anayetupikia ofisini, akasema mama wa nyumba hupewa kiuno. Nimemtazama mbuzi wa jirani dakika kumi nzima. Hana kiuno, Mzee. Amenyooka tu.

Nieleze, tafadhali, polepole.

Heena

---

Marangu,
8 Februari 2004

Binti Heena,

Hapa nyumbani watu wamecheka mpaka pombe ya mbege imemwagika. Kiuno cha mbuzi ni pale mgongo unapoishia, kabla ya miguu ya nyuma. Mwambie jirani akusamehe kwa kumtolea macho mbuzi wake.

Masoko yako nimeshayapa majina. La kwanza ni Mnada. La pili ni Vyeti. La tatu ni Mshenga, kwa sababu kuna mtu katikati anayebeba maneno na kushika kilichotolewa. Mimi nilioa kwa mshenga na sijajuta, ingawa mke wangu sijamuuliza.

Mafungu kwa ukoo wetu ni haya. Kidari ni cha mzee wa ukoo. Kiuno ni cha mama. Kichwa na shingo vinakwenda kwa wajomba. Mguu wa mbele ni wa mkwe, na usithubutu kumpa mkwe shingo, tutasemwa mpaka Rombo. Waliochinja wanakunywa supu na utumbo.

Kuna neno moja nakwambia wewe peke yako, wao usiwaandikie. Mwenye fungu akiwa hayupo, yuko safari au anaumwa au anauguza, fungu lake haligawiwi wengine. Linatundikwa juu ya moshi wa jiko, linamsubiri, hata mwaka. Zamu yangu inakwenda hivyo hivyo. Mpagazi akifiwa au akiugua, zamu yake inakaa, na akirudi anatangulia yeye. Asiyekuwepo hafutwi. Hilo ndilo lililotuweka pamoja miaka ishirini na miwili, si daftari.

Wasipouliza habari za asiyekuwepo, usiwasaidie. Nataka kujua nani atauliza.

Wenseslaus

---

Moshi Mjini,
1 Machi 2004

Mzee wangu,

Shikamoo. Kwanza upokee msiba wa ofisi. Nilichora mbuzi, nikamgawa kwa mistari, nikaandika majina ya mafungu, nikamtoa kwenye printa, halafu nikaitwa nje kuongea na mgeni. Niliporudi, Baba alikuwa ameishika ile karatasi kwa ncha za vidole viwili. Akaniuliza kwa upole kabisa kama nimebadili biashara. Bibi Dhanbai naye ameiwekea kompyuta maua na anaiombea kila asubuhi.

Majibu ya mbuzi yamefika. Wa Mnada alimaliza kwa siku moja, hakuuliza swali hata moja. Programu yake inapendeza, ina rangi, mbuzi anatikisa mkia. Wa Vyeti, mwenye nyota tano, amempima mbuzi kwa kilo na kumgawia kila mtu sawasawa kwa gramu. Mkwe, mjomba, mchinjaji, wote gramu mia tisa na arobaini.

Wa Mshenga ni mwanamke, jina lake Ilinca, yuko Romania. Hajatengeneza chochote! Ameniandikia maswali ishirini na matatu. Mama akiwa na mke mwenza, kiuno kinakuwaje? Wakwe wakiwa wawili? Swali la kumi na saba linasema: "Mtu akiwa hayupo siku hiyo, fungu lake linakaa wapi?" Nimechoka, Mzee. Kwa mwendo huu atamaliza mbuzi Krismasi, na mimi siku zangu zinakwisha Juni.

Heena

---

Marangu,
5 Machi 2004

Binti Heena,

Huyo mwenye maswali. Huyo huyo. Usitafute mwingine.

Aliyenyamaza muogope.

Wenseslaus

---

Moshi Mjini,
19 Aprili 2004

Mzee Wenseslaus,

Shikamoo. Hujaniandikia tangu Pasaka na najua sababu. Nimekosa, na ngoja niseme mwenyewe nilivyokosa.

Machi ile Rishi alikuja kutoka Dar. Akakaa kwenye kiti changu, akazungukazunguka nacho, akamwambia Baba mimi nacheza na mbuzi. Nikaogopa. Nikaacha ushauri wako nikampa kazi yule wa Mnada. Akamaliza programu ya zamu kwa siku tisa, nami nikaona aibu kukwambia, nikasema utaona mwenyewe ikifanya kazi. Wageni wa Pasaka walipofika, nikapeleka kwenye geti la mlima orodha iliyochapwa, watu arobaini.

Sikujua kwamba humo ndani aliyekosekana mara tatu anafutwa. Watu kumi na wawili walifutwa. Ebenezeri, ambaye amekuwa akimuuguza mama yake tangu Januari, alikuja siku hiyo kwa mara ya kwanza, akaitafuta karatasi yote, jina lake hakuna. Kiongozi wa msafara amenisimulia kwa simu. Anasema Ebenezeri aligeuka tu akaanza kurudi nyumbani, na wale arobaini wote wakatua mizigo chini. Kisha ukaja wewe kwa miguu, ukasimama, ukayataja majina yote kwa kichwa bila kufungua daftari, Ebenezeri wa kwanza, na watu wakabeba wakapanda.

Umeniokoa mbele ya wageni nami nilikuficha. Naona aibu.

Mary aliniambia kwenu mtu akikosa anapeleka jani la isale, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Nimelikata mwenyewe. Limo humu ndani ya bahasha.

Heena

---

Marangu,
23 Aprili 2004

Binti Heena,

Nilikasirika, sikufichi. Siku kumi nilikuwa nasema sitamwandikia tena mtoto yule. Halafu bahasha yako ikaja, nikalishika jani, na mara moja nikajua. Hili si isale, Heena. Hili ni jani la ua la chungu, la barazani kwa bibi yako! Nimekunywa chai pale miaka mingapi nikiegemea chungu hicho?

Nimecheka hadi machozi, na mtu akishacheka hasira inabaki wapi? Yamekwisha. Lakini ili siku nyingine usiniletee ua la Dhanbai, nakuletea mche wa isale halisi kwa gari la maziwa. Uupande karibu na mlango wa ofisi. Humea popote, haudai maji mengi.

Ebenezeri ameupeleka msafara mpaka Kibo na kurudi. Mama yake anaendelea vizuri.

Sasa nenda kwa yule mwanamke wa maswali, kama bado anakutaka.

Wenseslaus

Dada Heena, naandika hapa chini kwa siri, Baba hajui. Mimi ni Dominika, binti yake. Barua zote unazopata ninaziandika mimi, yeye anatamka tu. Baba haoni. Hajasoma daftari tangu Pasaka ya mwaka jana. Hata jani lako alilijua kwa kulipapasa. Watu mia moja na arobaini wako kichwani mwake, na kila asubuhi anavyorudia majina yao kama rozari, mimi naogopa siku atakayosahau mmoja. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, wanamtoa pale hospitali ya mjini, ni kazi ya siku moja na mapumziko ya wiki mbili. Hataki kwenda. Ukimwambia nimekwambia atanifukuza jikoni.

---

Moshi Mjini,
2 Juni 2004

Mzee wangu,

Shikamoo! Kaa chini kwanza.

Ilinca alinikubali, ingawa alinisema kidogo. Nilipomweleza hatimaye kwa nini swali la kumi na saba lilikuwa ndilo lenyewe, alinijibu hivi, nakutafsiria: "Kijiji chetu kiko milimani. Krismasi tunachinja nguruwe. Kaka yangu ni baharia, mwaka wa tatu hajarudi, na mama kila mwaka anatundika fungu lake kwenye moshi na hakuna anayeligusa. Ningeulizaje kitu kingine? Niambie tu huyo mzee anataka zamu ziweje, nami nitauliza mpaka achoke."

Akauliza kweli, na wewe ukajibu kwa simu ya Padri siku nne, mimi nikiwa mkalimani katikati. Nami nilimwomba kitu kimoja cha kwangu. Nilimwambia orodha isiwe ya kubandikwa ukutani watu wajisukume kuitafuta. Iwe ya kusomwa kwa sauti getini kila asubuhi: mmoja anasoma, wote wanasikiliza, na kila jina lina jina la baba na kijiji chake ili asikilizaye ajue kama limekosewa. Nilidhani hivyo itakuwa nzuri zaidi.

Jana ilikuwa siku yangu. Rishi alikuwepo, amevaa tai. Baba akasema tumjaribu mtu mmoja. Akataja Ebenezeri. Akaingiza kwamba hayupo, anauguza. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya thelathini, Baba anabonyeza tu. Kila mara kompyuta ikaandika: *Zamu yake inasubiri.* Kisha akaingiza kwamba amerudi, na Ebenezeri akaruka juu ya watu mia moja na thelathini na tisa akawa wa kwanza.

Baba akasukuma kibodi pembeni. Halafu akamwambia Rishi, "Inuka kwenye kiti cha dada yako."

Nimelia, Mzee. Wapagazi wako wanabaki na mimi nabaki.

Isale uliloleta limetoa jani jipya. Bibi Dhanbai analimwagilia, anadhani ni ua.

Heena

---

Marangu,
9 Juni 2004

Binti Heena,

Mungu akubariki. Watu wamepiga vigelegele huku, na leo tumechinja mbuzi wa kweli. Fungu lako halikukosekana: mkungu wa ndizi mchare na kibuyu cha maziwa mgando, vinakuja na dereva, kwa sababu fungu si lazima liwe nyama, ni lazima liwe na jina lako. La Ilinca ni kahawa ya kihamba changu, shamba la hapa nyumbani, kilo mbili. Mtumie kwa posta.

Ndani ya bahasha utakuta jani. Ni isale, la kweli, limefungwa fundo. Zamu hii nakuomba mimi.

Orodha ya kusomwa kwa sauti! Heena, mimi si mjinga. Dominika amekiri, na sikumfukuza jikoni. Sioni, mwanangu. Nilikuficha mwaka mzima. Na hospitali sikukataa kwa kuogopa kisu. Niliwaza hivi: nikilala kule wiki mbili, mwingine atashika zamu, na nikirudi watasema mzee amezeeka, apumzike. Ndiyo maana nililipigania sana fungu la yule asiyekuwepo. Nilikuwa najipigania mwenyewe.

Jumatatu Dominika ananileta mjini, kisha yeye anarudi. Nimechoka kujua majani kwa kupapasa.

Wenseslaus

---

Marangu,
27 Juni 2004

Heena binti yangu,

Tazama herufi hizi zilivyo kubwa na zilivyopinda. Usizicheke. Hizi nimeandika mwenyewe, Dominika amesimama mbali na hata kalamu sijamruhusu kuichonga.

Daktari alifungua bandeji Ijumaa, kitu cha kwanza nilichoona ni mlima. Nikaona na kofia ya Thadeus, mpagazi wangu wa tangu mwanzo, aliyekuja kunichukua. Kumbe muda wote huu ilikuwa ya kijani, mimi nilimjua kwa sauti tu.

Leo asubuhi sikumwambia mtu. Nilikwenda getini peke yangu, nikasimama nyuma ya watu. Dominika alikuwa anasoma orodha. Sikujua kwamba ni yeye anayesoma! Anasoma vizuri, polepole, hamezi jina la mtu. Alipomaliza nikamwomba karatasi, nikavaa miwani mipya, nikaisoma kuanzia juu.

Mstari wa kwanza, kabla ya jina la mpagazi yeyote, umeandikwa hivi: *Msomaji wa zamu: Wenseslaus, Marangu. Hayupo, yuko hospitali. Anamsomea Dominika. Zamu yake inasubiri.*

Thadeus anasema mstari huo umetoka kila siku tangu nilipoondoka, na kila siku Dominika aliusoma kwa sauti mbele ya watu wote, na hakuna aliyebeba mzigo kabla haujasomwa.

Nimeusoma mara tatu kwa macho yangu. Nimelia tu pale getini, na watu wamejifanya wanafunga mizigo.

Ingiza kwenye kompyuta yako kwamba nimerudi. Kesho nasoma mimi.

Wenseslaus